Mlango wa Kushoto

Kwa miaka kumi na minne Bi Hapana alikuwa chama kizima ndani ya bunge la jimbo. Akikohoa, chama kimekohoa. Akienda msalani katikati ya mjadala, chama kimetoka ukumbini, na mara mbili magazeti yaliandika kwamba kimesusia kikao.

Kabla ya hapo alikuwa dobi wa hospitali. Miaka kumi na mmoja alinyoosha mashuka kwa pasi kubwa ya mvuke, na kovu bado analo juu ya kiwiko cha kulia, refu kama kidole. Aliwaongoza wenzake kugoma siku feni zilipoharibika na mkuu wa hospitali akawaambia wafungue dirisha, dirisha lenyewe halikuwepo. Wakashinda. Tangu siku hiyo watu wakawa wanamfuata na shida zao, na Chama cha Kigoda, ambacho ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya fundi viatu, kikamwomba agombee. Aligombea akijua ataangushwa. Akapita kwa kura chache mno, akarudi nyumbani hajui acheke au alie.

Jina la Bi Hapana hakupewa na mama yake. Alilipata bungeni, kwa sababu ya mlango.

Katika bunge lile kura nzito hazipigwi kwa kunyoosha mikono. Kengele inalia, wabunge wanainuka na kutoka kwa milango miwili iliyo nyuma ya kiti cha Spika: wanaokubali kulia, wanaokataa kushoto. Kila mlango una mhesabu wake, naye lazima awe mbunge wa upande huo. Anashika kibao cha kubania karatasi, anaandika jina la kila anayepita, na mwisho kabisa anaandika jina lake mwenyewe na kutia saini. Hiyo ndiyo kura yake. Ni kazi ya kuchosha miguu, tena inakukosesha chai, maana wakishapita wenzako huenda moja kwa moja kantini. Hakuna aliyeitaka. Sasa mama huyu karibu kila muswada uliofika milangoni aliukataa, siku nyingine pamoja na watu kumi, siku nyingine peke yake, akijiandika mwenyewe kwenye karatasi tupu. Basi kibao cha kushoto kikawa mali yake. Penseli yake ilifungwa kwa uzi alioufunga yeye, na bawabu alimwekea kigoda pale mlangoni kwa ajili ya goti lake bovu. Mbunge mmoja mcheshi akamwita Bi Hapana, na jina likamganda.

Kulikuwa na kitu kimoja tu alichotaka kukisemea ndiyo, nacho ni muswada wake mwenyewe. Muswada wa Siku Tisini ulitaka jambo dogo: mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri, akiugua, akizeeka, au nyumba ikiuzwa, asitolewe chumbani mwake kabla ya siku tisini. Basi, hakuna cha zaidi. Aliuleta mara nne. Muswada wa mbunge mmoja hupimwa kwanza kwa kelele, na hufika milangoni tu kelele zikilingana. Mara zote nne Spika aliuliza, "Wanaoafiki?" na sauti nyembamba ya Bi Hapana ikajibu peke yake. "Wasioafiki?" Ukumbi ukanguruma. Muswada ukafa hata haujafika milangoni.

Jukwaani alisema anawapigania maelfu, na hakuwa anadanganya. Ila kila alipotamka neno "mfanyakazi" alikuwa anamwona mtu mmoja, dada yake mkubwa.

Dada alimlea tangu wazazi wao walipofariki, akamsomesha kwa kazi ya kuosha vyombo vya watu. Miaka thelathini na mmoja alikuwa amemtumikia mke wa mfamasia, ambaye baadaye akawa mjane wa mfamasia, akilala chumba cha uani chenye kitanda, kabati na dirisha moja la kuchungulia kamba ya nguo. Mwaka huu mjane naye alifariki. Mtoto wake wa kwanza, ambaye Dada alimwogesha tangu ana miaka miwili, na ambaye Dada anamwita Bwana Mdogo hadi leo ingawa ana ndevu, alipata mnunuzi wa nyumba upesi kuliko alivyopata machozi. Akamwambia Dada kwa adabu kabisa, huku anaangalia simu yake, kwamba Jumamosi saa sita mchana awe ameondoka.

"Njoo kwangu, dada," Bi Hapana alimwambia.

"Kwako wapi? Kwenye kochi?"

"Kochi nitalala mimi."

"Mdogo wangu, sikiliza." Mikono ya Dada ilikuwa imeanza kutetemeka mwaka huo, akawa anaificha chini ya kanga. "Ushirika wetu wa wanawake unajenga vyumba. Changu kimefika kwenye linta, baada ya miezi miwili na nusu nahamia. Sitaki kwenda kwa mtu nikiwa na sanduku mkononi kama niliyefumaniwa. Nataka siku zangu tisini nitoke hapa kama mtu mzima. Si ndizo unazosema redioni kila mwaka? Basi zilete."

Sheria za jimbo lile huanza kazi palepale Spika anapogonga nyundo. Muswada ulikuwa unarudi bungeni Alhamisi, mara ya tano. Bwana Mdogo angesubiri, apende asipende.

Jumatatu mambo yakaanza kwenda segemnege.

Kiongozi wa chama kikubwa, ambaye wote walimwita Mzee wa Tai kwa sababu hakuwahi kuonekana na tai ileile mara mbili kwa wiki, alimsimamisha kwenye korido. "Safari hii watu wangu siwafungi," akasema. "Kila mtu apige kura na moyo wake."

"Kwa nini?" akauliza Bi Hapana.

"Kwani hutaki?"

Kwa nini hasa, hakuna aliyejua. Wengine walisema mke wake amemkalia kooni. Wengine walisema uchaguzi unakaribia. Karani mmoja aliapa kwamba wajukuu wa mzee huyo walimkuta yaya aliyemlea babu yao akiishi kituo cha basi. Bi Hapana hakujua ashike lipi.

Mchana wa siku hiyohiyo wapinzani, wale waliozoea kumpiga bega na kumwita dhamiri ya bunge, wakatangaza kwamba muswada wataukataa.

"Jamani, si mlisema mnaupenda?" akawauliza kantini.

"Tunaupenda sana," akajibu kiongozi wao, akipuliza chai. "Lakini kama Mzee wa Tai haukatai, lazima kuna mtego."

"Mtego gani?"

"Kama tungeujua usingekuwa mtego, mheshimiwa."

Miaka kumi na minne alijua nani adui na nani rafiki, na sasa adui anamsogezea kiti na rafiki anamkwepa macho. Siku hiyo alizunguka kantini na sahani yake mkononi asijue akae meza ipi, mwisho akala amesimama. Alipanda ofisini juu ya fundi viatu kumweleza mwenyekiti wa chama, mwalimu mstaafu aliyependa kuandika matamko kuliko kula. Mwalimu akavua miwani, akaonekana kuogopa kwelikweli.

"Tukishinda tutasema nini?" akauliza. "Matamko yote niliyonayo ni ya kushindwa."

Alhamisi asubuhi ukumbi ulijaa. Bi Hapana alisema maneno yake, akaketi. Spika akauliza wanaoafiki. Kelele. Akauliza wasioafiki. Kelele vilevile. Spika akapapasa miwani, akanong'ona na karani, kisha akasema neno ambalo muswada ule haujawahi kusikia: "Milangoni."

Kengele ikalia.

Kawaida wabunge wakiinuka wanaenda kundi kwa kundi, hata usingizini wangefika. Siku hiyo hakuna aliyekuwa na kundi. Watu wa chama kikubwa walikuwa wanapishana wao kwa wao, huyu anaenda kulia, yule kushoto, wanaombana radhi. Wawili walifika katikati wakarudi. Mmoja, daktari wa mifugo mwenye sauti ya upole, akamshika Bi Hapana mkono.

"Mheshimiwa, huu unauunga mkono?"

"Ni wangu!"

"Najua ni wako. Nauliza kama bado unauunga mkono, maana wenzako wanaukataa na maadui zako wanaukubali. Mimi nimechanganyikiwa."

"Hata mimi!" akasema Bi Hapana, na ulikuwa ukweli mtupu.

Wakati huohuo karani wa bunge, mtu ambaye kazi yake yote hajawahi kuinua macho kutoka kwenye karatasi, akamnyooshea kibao. Mkono wa Bi Hapana ukakipokea. Nani mwingine angekipokea? Bawabu alikwisha kuweka kigoda. Akaketi, goti likashukuru, akashika penseli, na akili yake yote ikawa kwenye kitu kimoja tu: wangapi watapita hapa? Kila anayepita hapa ni mmoja aliyepungua kule. Aliwaandika akiwahesabu kwa midomo kama mtu anayesali. Kiongozi wa wapinzani alipopita akamgusa bega, akamnong'oneza, "Nilijua hutatuangusha." Hakumsikia. Alikuwa kwenye kumi na tisa.

Ishirini na tano. Ishirini na nane. Akapita daktari wa mifugo, kichwa chini. Ishirini na tisa.

Akasubiri. Hakuna mwingine.

Bi Hapana akapiga hesabu, akaipiga tena. Wabunge sitini na mmoja, toa Spika, maana hapigi kura, sitini. Toa ishirini na tisa. Thelathini na moja! Moyo ukampasuka kwa furaha. Akaona kitanda cha Dada, kabati, dirisha na kamba ya nguo, vyote mahali pake, na Bwana Mdogo akirudisha simu mfukoni.

"Funga karatasi, mheshimiwa," karani akasema.

Akaifunga kama alivyofunga mamia ya karatasi: akaandika jina lake chini ya la daktari, akatia saini, akapiga mstari. Akarudi kitini huku anatabasamu hadi jino la mwisho.

Karani akasimama. "Mlango wa kulia, thelathini. Mlango wa kushoto, thelathini. Kura zimelingana. Kwa kanuni zetu, muswada umeanguka."

Nyundo.

"Mheshimiwa Spika!" Bi Hapana alikuwa amekwisha kuinuka. "Kuna makosa. Kushoto ni ishirini na tisa. Nimehesabu mwenyewe."

"Thelathini pamoja nawe, mheshimiwa," akasema karani, na kwa mara ya kwanza akainua macho. Akamletea karatasi. Jina lilikuwa pale, la mwisho, kwa mwandiko wake wa kulala kidogo, na saini yake yenye mkia mrefu.

Hata waliozoea kumcheka hawakucheka.

"Naomba... naomba nibadilishe," akasema. "Mimi ni wa kulia."

Spika alimhurumia, ilionekana usoni. Lakini karatasi ikishafungwa imefungwa, na muswada ulioanguka hauletwi tena kabla ya mwaka kupita. Akayasoma hayo yote kitabuni polepole, ukurasa na kifungu, na kila neno likamwingia Bi Hapana kama sindano.

Koridoni watu walimzingira. Wapinzani walimpa mikono, wakisema ujasiri kama ule hawajapata kuuona, mtu kuua muswada wake mwenyewe kwa sababu ya mtego. Mzee wa Tai alimtazama kwa heshima iliyochanganyika na hofu.

"Mimi nimefanya siasa miaka thelathini," akasema. "Niambie tu kati yetu wawili. Ulijua nini ambacho mimi sikujua?"

"Sikujua kitu, mzee. Nilikosea mlango."

"Sawa, usiniambie," akasema Mzee wa Tai, akaenda zake akishika tama.

Waandishi nao akawaambia vilevile: nilikosea mlango. Mmoja akauliza kama hiyo ni lugha ya picha. Mwingine akauliza mlango ulikuwa na shinikizo la nani. Jioni redio ikatangaza kwamba mbunge pekee wa Chama cha Kigoda ameuangusha muswada aliouandika mwenyewe na amegoma kutoa sababu. Mwalimu akampigia simu, anahema kwa furaha.

"Nimetoa tamko. Nimesema chama kilishtukia njama mapema. Usirudie tena kusema ulikosea, mama. Wanachama wapya saba tangu mchana! Tangu tuzaliwe hatujapata saba kwa siku!"

"Mwalimu, nimemfukuza dada yangu."

"Naelewa, naelewa. Lakini kwa msimamo."

Bi Hapana akakata simu. Angeweza kuitupa ukutani. Yeye amesema kweli kila siku ya maisha yake ya siasa, na watu wakampuuza. Leo amesema kweli ndogo kuliko zote, ya mtoto wa darasa la kwanza, na hakuna hata mmoja anayeitaka. Usiku kucha alijiuliza kama labda wao wanajua zaidi. Labda kweli alikuwa na sababu, imejificha mahali. Aliitafuta, hakuiona.

Dada hakugombana naye. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Ijumaa alipopiga simu, Dada alimwambia tu, "Nimesikia redioni. Una sababu zako, wala sikuulizi. Kesho njoo unisaidie sanduku."

Jumamosi asubuhi nyumba ya marehemu mfamasia ilikuwa tupu. Samani zilikwisha kubebwa, na kuta zilikuwa na mistatili myeupe pale picha zilipotundikwa. Bwana Mdogo hakuja kuaga. Alimwachia Dada ufunguo, amkabidhi dalali getini saa sita. Dada alikuwa ameacha mlango wa mbele wazi, upepo unaingia sebuleni, naye yuko uani anakunja shuka la mwisho, pembe kwa pembe, mikono inatetemeka.

"Dada, nilikosea mlango. Haki ya Mungu."

"Shika hapa."

Bi Hapana akashika pembe. "Kila siku nakaa pale. Kibao wamenipa, nikapokea. Miguu ilinipeleka."

"Mdogo wangu, mimi si mwandishi wa habari." Dada alisema kwa upole, bila kumtazama. "Mtu hakosei mlango kwa jambo alilolilia miaka yote hiyo. Labda wamekutisha. Labda wamekuahidi kitu kikubwa, cha faida ya wengi, na mimi ni mmoja tu. Sawa. Mimi nimekulea, siwezi kukuchukia. Lakini usinifanye mtoto."

Bi Hapana alibakiwa na neno lilelile, na alikwisha kulisema.

Akabeba sanduku la vyombo, akapita sebuleni, akatoka kwa mlango wa mbele hadi getini, ambako dalali alikuwa amesimama na teksi inasubiri. Akapakia, akangoja. Dada alikuwa amebakiza sanduku dogo la nguo na mkoba. Dakika tano zikapita, kumi. Dalali akatazama saa. Bi Hapana akarudi ndani, akaita, sauti ikagonga kuta. Chumba cha uani kilikuwa kitupu. Jikoni hakuna mtu.

Alimkuta nyuma ya nyumba, kwenye kichochoro kati ya ukuta na mapipa ya taka. Ndiyo njia ambayo mjane wa mfamasia alimwonyesha siku ya kwanza ya kazi, kwamba huku ndiko atakakopitia yeye, na kule mbele ni kwa wageni na wenye nyumba. Dada alikuwa amesimama na sanduku mkononi. Nyuma yake mlango wa jikoni ulikwisha kujifunga. Ufunguo wa mlango wa mbele ulikuwa unaning'inia kwenye kidole chake.

"Dada, mbele kuko wazi."

"Najua kuko wazi. Si nimefungua mimi mwenyewe?" Akatazama mlango wa jikoni. Akatazama mapipa, kisha miguu yake, viatu vyake vizuri vya kutokea alivyovaa makusudi kwa siku hii. "Nilisema leo natokea mbele. Nimelala nayo, nimeamka nayo. Nikasema acha huyo dalali anione." Akauzungusha ufunguo kidoleni. "Sasa nani kanileta huku?"

Machozi yalikuwa yamemjaa Bi Hapana.

Dada akainua uso, akamtazama mdogo wake kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Akamtazama hasa.

"Kumbe ulikosea tu," akasema.

Bi Hapana akatikisa kichwa kukubali, mara nyingi. Dada akatua sanduku. Mikono yake ilitetemeka na safari hii hakuificha. Akampangusa mdogo wake machozi kwa ncha ya kanga, kwa nguvu kidogo, kama alivyokuwa akimpangusa kamasi zamani.

"Shika upande huu," akamwambia, akimsogezea mpini wa sanduku. "Tunazunguka. Tunarudi mbele, tunaingia, halafu tunatoka tena. Dalali atangoja."

Wakalibeba pamoja, mmoja huku mmoja kule, wakipita kando ya ukuta.

"Na huo muswada," Dada akasema kabla hawajafika kona, "mwaka ujao unaurudisha?"

"Nitaurudisha."

"Basi nitakuja kukaa pale juu wanapokaa wageni. Kengele ikilia nitakuita kwa jina alilokupa mama, mpaka ugeuke kulia. Wakinitoa, wanitoe."